Hedifoni na Kipaza Sauti: Bora Kuvinunua Mbali Mbali



Safari hii tumeona tuzungumzie jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaliona dogo, nalo ni hedifoni na kipaza sauti cha kompyuta ya nyumbani. Sisi nasi tulikuwa tukiliona dogo. Tulianza kulipa uzito siku binti yetu wa miaka kumi na mmoja alipovua hedifoni, akaziweka juu ya meza, akasema hataki tena kusoma kwa sababu mwalimu anamwonea.

Mwalimu mwenyewe yuko Ujiji. Familia nyingi za hapa Buyenzi zina jamaa Ujiji na Kigoma, nasi ni miongoni mwao, na tulipotafuta mtu wa kumsikiliza mtoto kisomo jioni baada ya shule tulimpata huko, mtu mzima, mpole, asiyepandisha sauti. Lakini ilikuwa wiki ya tatu sasa anamrudisha mtoto aya ile ile kwa ajili ya herufi moja. Mtoto anasoma thaa, mwalimu anasikia siin. "Toa ulimi, mwanangu, toa ulimi kidogo." Mtoto anautoa mpaka mate yanarukia kioo cha kompyuta. "Bado, mwanangu." Mwishowe akamwambia mama yake kwa upole kwamba asivunjike moyo, watoto wa Bujumbura ndimi zao zimezoea Kirundi, na Kirundi hakina thaa.

Tukubali kwamba hapo aligusa ukweli. Sisi watu wa huku tunajulikana. Mtu akisema "selasini" badala ya thelathini, hata dereva wa Kigoma anajua abiria wake katoka wapi. Kwa hiyo na sisi wazazi tuliamini kosa ni la mtoto, tukaanza kumkaripia. Mpaka jioni moja mama yake akakaa ubavuni mwake, hakusikiliza kwenye kompyuta, akamsikiliza mdomoni. Mtoto alikuwa anatamka sawasawa kabisa. Thaa yake ilikuwa safi kuliko zetu.

Kosa lilikuwa la hedifoni. Zilikuwa hedifoni za Bluetooth zenye kipaza sauti ndani yake, nzuri kwa kuzitazama, tulizozinunua kwa sababu muuzaji alisema hazina waya wa kukatika.

Ndugu wasomaji, tueleze hapa kwa kirefu kidogo, kwa sababu jambo hili wauzaji hawalisemi, na tuna hakika wengi wao hawalijui. Tofauti kati ya thaa na siin, au kati ya f na s, haiko katika sauti nzito ya koo. Iko katika ule mpulizo mwembamba wa pumzi kwenye meno, ambao sehemu yake kubwa iko juu sana, zaidi ya mitetemo 4,000 kwa sekunde. Simu za zamani za waya zilipitisha sauti kuanzia mitetemo 300 hadi 3,400 tu. Ndiyo maana tangu zamani mtu akitaja jina lake kwenye simu hulazimika kusema "F ya Fatuma, siyo S ya Salum". Masikio ya msikilizaji ni mazima, ila mpulizo wenyewe umeachwa njiani.

Sasa hedifoni nyingi za Bluetooth zina tabia mbili. Ukisikiliza mawaidha au kaswida tu, sauti huja pana na nzuri. Lakini mara tu programu ya kompyuta inapofungua kipaza sauti chake, hedifoni hugeuka kuwa simu. Zile duni huchukua vipimo 8,000 vya sauti kwa sekunde, maana yake hakuna kitu kinachopita juu ya mitetemo 4,000. Zenye nafuu huchukua 16,000, zikafika mitetemo 8,000. Na hali hiyo ni ya pande zote mbili: mwalimu hamsikii mtoto vizuri, na mtoto naye hamsikii mwalimu vizuri. Yule maskini alipokuwa akisema "toa ulimi, sema hivi", thaa yake mwenyewe ilitufikia ikiwa siin. Mtoto akaigiza alichosikia, akaambiwa amekosea. Kuna Bluetooth mpya inayoitwa LE Audio ambayo imekuja kuondoa udhaifu huo, lakini inahitaji kompyuta na hedifoni zote mbili ziwe nayo, na kompyuta za mitumba zilizomo katika nyumba zetu wengi hazina.

Kesho yake tuliazima hedifoni za waya za jirani, tukatumia kipaza sauti kilichomo ndani ya laptopu yenyewe. Mtoto akasoma aya ile mara moja. Mwalimu akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Nani amekufundisha jana usiku?"

Basi tangu hapo tumekuwa na rai yetu, na tunaisema wazi hapa ijapokuwa tunajua wapo watakaotupinga, hasa vijana. Kwa matumizi ya nyumbani familia isinunue hedifoni zilizoungana na kipaza sauti. Inunue hedifoni za waya za kawaida, nyepesi na za kustahimilika masikioni, halafu kipaza sauti kiwe kitu cha peke yake. Na kabla ya kununua hicho kipaza sauti, ijaribu kwanza kile kilichomo ndani ya kompyuta, maana huenda kikatosha na hela ikabaki mfukoni.

Sababu yetu ya kwanza ni ya hela. Kabla ya zile za Bluetooth tulikuwa tumeshapitisha seti tatu za waya zenye mkono wa maiki unaoshuka mbele ya mdomo. Ya kwanza mkono ulivunjika pale unapokunjwa. Ya pili maiki ilikufa, masikio yakabaki mazima. Ya tatu waya ulikatika kwenye pini. Kila mara kilichoharibika kilikuwa sehemu moja, na tulichotupa kilikuwa kitu kizima. Vikiwa mbali mbali, kikifa hiki unanunua hiki. Na fundi yeyote wa redio anaweza kukata waya wa hedifoni za kawaida na kuchomelea pini mpya wakati wewe umekaa kwenye benchi unasubiri, lakini seti yenye maiki, vitufe vya sauti na taa waya wake una nyuzi nyingi nyembamba, na mafundi wengi huirudisha wakitikisa kichwa.

Tena bei ya seti iliyoungana imegawanyika. Kwa pesa ile ile mtengenezaji amelazimika kutia spika mbili, maiki, mkono, vitufe, na siku hizi taa za rangi za kuwavutia vijana wa michezo ya kompyuta. Kijana wetu mkubwa alitusomesha sana juu ya seti moja yenye taa za buluu na maandishi ya 7.1 kwenye boksi. Tulimwuliza hizo taa zinawaka kwa ajili ya nani, maana mvaaji hazioni. Hakujibu, na hatukununua.

Sababu ya pili ni ya usafi na adabu ya nyumba. Hedifoni ni kama kanzu au mswaki, hukaa mwilini. Zinaingia jasho, mafuta ya nywele na uchafu wa masikio. Kipaza sauti cha mezani hakimgusi mtu. Kwa hiyo nyumba yenye watu watano inaweza kuwa na maiki moja ya wote na kila anayeitumia sana kompyuta akawa na hedifoni zake. Nyumbani kwetu sasa ni hivyo: jozi mbili na maiki moja, na ugomvi wa "nani kaziacha na jasho" umekwisha.

Tuje kwenye kuchagua hedifoni zenyewe. Jambo ambalo watu hulipuuza ni uzito na mbano. Dukani mtu huzivaa nusu dakika, akasikia muziki unagonga, akalipa. Baada ya nusu saa nyumbani masikio yanauma. Ukienda dukani zivae dakika kumi, zungumza na muuzaji huku umezivaa, geuza kichwa. Mwenye miwani aende na miwani yake, kwa sababu mkono wa miwani ukibanwa na sponji huumiza mfupa wa nyuma ya sikio. Na akina mama na mabinti waende na mtandio wanaouvaa kwa kawaida. Hili tunalisema kwa uzoefu. Mtandio wa pamba mwepesi hauna shida, hedifoni hukaa juu yake na sauti hupita. Kitambaa kinachoteleza huzifanya zishuke kila dakika, mtu anashika kichwa somo zima. Wengine huvaa hedifoni kwanza na mtandio juu yake, nayo ni njia nzuri kama hedifoni ni nyembamba, lakini usitumie pini karibu na waya.

Zipo zinazokaa juu ya sikio na zipo zinazolizunguka sikio lote. Zinazokaa juu ni za bei ndogo na nyepesi, na kwa nusu saa zinafaa kabisa. Jozi kama Sony MDR-ZX110 ni za namna hiyo, hazina mbwembwe. Zinazolizunguka sikio hazilibani, hivyo kwa mtu anayekaa saa mbili au tatu ndizo tunazozipendelea. Ubaya wake ni joto. Hapa Bujumbura, ngozi ya bandia juu ya masikio mchana ni kama kujifunga kitambaa cha moto, na baada ya mwaka mmoja au miwili ile ngozi huanza kubanduka vipande vyeusi vinavyoshika nywele na mtandio. Ukipata zenye kitambaa badala ya ngozi, zichukue. Usipozipata, mama mwenye cherehani anaweza kushona vifuniko vya pamba vya kuvalisha zile sponji, vya kufua kila Ijumaa. Tumefanya hivyo na zimependeza.

Utaulizwa pia kama unataka zilizo wazi nyuma au zilizofungwa. Zilizo wazi hupitisha hewa, na mtoto humsikia mama yake akimwita. Koss Porta Pro ni za aina hiyo, zilianza kuuzwa mwaka 1984 na bado zinauzwa hadi leo kwa umbo lile lile, kitu ambacho peke yake kinakuambia kwamba hedifoni nzuri si lazima iwe ya mwaka huu. Lakini penye gereji ya pikipiki nje ya dirisha, kama ilivyo kwa wengi wetu hapa Buyenzi, zilizo wazi zitamfanya mtoto apandishe sauti ili kuishinda gereji. Hapo zilizofungwa ni salama zaidi, joto tutalivumilia.

Na kwenye kupandisha sauti tusifanye mzaha. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha kusikiliza kwa usalama: kwa mtu mzima desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kwa watoto desibeli 75 kwa saa hizo hizo. Kila desibeli tatu zikiongezeka, muda unakatwa nusu. Yaani mtoto akisikiliza kwa 78 muda wake ni saa 20 kwa wiki, kwa 81 ni saa 10, kwa 84 ni saa tano tu. Masikio hayatoi damu wala hayaumi yanapoharibika, na kinachokufa ndani yake hakiotI tena. Hatuna kipimo cha desibeli nyumbani, tunatumia cha kizamani: mzazi akisimama hatua moja kutoka kwa mtoto aliyevaa hedifoni, akasema jina lake kwa sauti ya kawaida, mtoto ageuke. Asipogeuka, sauti ishushwe. Hii ndiyo sababu nyingine ya kukataa vile vidude vya kuingiza ndani ya tundu la sikio kwa watoto wadogo. Mzazi hawezi kujua kinachoendelea humo ndani.

Kitu kimoja cha kusoma kwenye boksi ni namba ya ohm. Thelathini na mbili, au karibu na hapo, inafaa kwa kompyuta na simu. Ukikuta 250, ni za studio, zinataka amplifaya, na kompyuta yako itazifanya zinong'one tu. Na kama jina la kampuni kubwa limeandikwa likiwa na herufi moja pungufu, rudisha rafuni.

Sasa kipaza sauti. Tulisema muanze na kile cha kompyuta, na tunasisitiza. Vipaza sauti vidogo vya leo, vya bei ndogo na vya bei kubwa kidogo, baadhi yake ni vya aina iliyobuniwa mwaka 1962 katika maabara za Bell huko Marekani na James West, Mmarekani mweusi, pamoja na mwenzake Gerhard Sessler. Ufundi huo umekuwa rahisi kiasi kwamba hata kidude kidogo kama punje ya dengu husikia vizuri. Kinachokiharibia mara nyingi ni umbali. Ukikisogelea kwa nusu ya umbali wa mwanzo, sauti yako inaongezeka desibeli sita, na kelele za chumba zinabaki pale pale. Hakuna kitufe cha kuongeza sauti kinachofanya kazi hiyo, kwa sababu kitufe kinaongeza na kelele. Kwa hiyo laptopu ikisogezwa, feni ikageuziwa upande mwingine, pazia likafungwa na mkeka ukatandikwa juu ya sakafu ya saruji, huenda ukagundua huna haja ya kununua kitu. Ila uvae hedifoni, usitumie spika, vinginevyo mwenzako atajisikia mwenyewe akirudi kama mtu anayesema ndani ya kisima.

Kama bado haitoshi, au kompyuta yako ni ya mezani isiyo na maiki, chaguo letu ni maiki ya mezani ya USB, ndogo, inayosikiliza upande mmoja. Unaichomeka, kompyuta inaitambua, hedifoni zinabaki kwenye tundu lake. Iweke kiganja kimoja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isiigonge, juu ya kitabu kinene na taulo iliyokunjwa ili meza isitetemeke.

Wengi watavutiwa na zile za kubana nguoni, kama BOYA BY-M1, kwa kuwa bei yake ni nafuu na waya wake ni mrefu, mita sita. Ni nzuri kweli. Lakini zina mitego miwili iliyotukamata sisi wenyewe. Kwanza, ukiibana kwenye mtandio au chini yake, kila unapogeuza kichwa msikilizaji anasikia kama mtu anakunja gazeti. Sisi huibana kwenye rehali badala ya nguo. Pili ni pini. Hesabuni pete nyeusi kwenye pini: zikiwa mbili ni pini ya kawaida, zikiwa tatu ni pini ya simu, yenye njia ya masikio na ya maiki kwa pamoja. Laptopu nyingi za sasa zina tundu moja tu la namna ya simu, na kompyuta za zamani zina matundu mawili, la kijani la masikio na la waridi la maiki. Ukichomeka pini ya pete tatu kwenye tundu la waridi, kwa kawaida unapata ukimya. Ukichomeka ya pete mbili kwenye tundu moja la laptopu, maiki haisikiki. Na ukiichomeka sawasawa, hedifoni zako zimekosa pa kukaa! Dawa yake ni waya mdogo wa kugawa njia, wenye kichwa kimoja na matundu mawili, na bei yake ni ndogo mno kulinganisha na siku mbili tulizopoteza tukidhani maiki ni mbovu, tukaenda kugombana na muuzaji ambaye hakuwa na kosa. Tulirudi kumwomba radhi.

Jambo la mwisho la upande huu ni la kwenye programu. Zoom na wenzake huchuja kelele, na sauti inayovutwa kwa muda mrefu bila kubadilika programu huweza kuidhania ni feni, ikaikata. Kwa msomaji wa Qur'an anayevuta madda hilo ni tatizo. Ndani ya Zoom kuna mpangilio wa kupeleka sauti kama ilivyo, uliowekwa kwa ajili ya wanamuziki. Uwasheni wakati wa kisomo na muuzime wakati wa mazungumzo.

Wapo walioturudishia kwamba maiki ya mezani inaokota kelele za nyumba kuliko ile ya mbele ya mdomo. Ni kweli, na kwa mtu anayejibu simu za wateja kutwa nzima katika chumba chenye watu kumi, seti iliyoungana ndiyo yake. Hali kadhalika mtoto wa miaka mitano asiyetulia kitini. Hatuna ubishi hapo. Nyumba ya kawaida lakini haina watu kumi wanaozungumza kwa pamoja, na kama inao, saa ya kisomo ni haki waombwe wanyamaze.

Kabla hamjalipa, fanyeni jaribio letu. Mwombeni muuzaji achomeke maiki kwenye kompyuta au simu, mrekodi maneno haya: thelathini, sitini, thamani, samani, fedha, zeze. Kisha vaeni zile hedifoni mnazotaka kununua, fumbeni macho, msikilize. Mkisikia thamani na samani ni neno moja, rudisheni vyote viwili. Binti yetu ndiye aliyetupangia orodha hiyo, na thaa ya kwanza aliisema kwa nguvu mpaka watu wa duka la pili wakachungulia.